Nimemgeuza Liyongo kuwa mwanamke, na sasa riwaya haiendi

*Shikamoo Mwalimu. Ninaandika riwaya ya fantasia inayosimulia upya kisa cha Fumo Liyongo, yule shujaa wa visakale vya pwani, ila shujaa wangu ni mwanamke. Nimefika sura ya tisa. Mambo yote nimeyafuata kama yalivyo katika utenzi: hofu ya mfalme wa Pate, njama ya mti wa mkoma, gereza, mkate wenye tupa ndani, ngoma ya gungu, mtoto anayemsaliti na sindano ya shaba. Nimebadilisha jinsia tu. Rafiki zangu wawili wamesoma na wote wamesema kitu kimoja: wanamwona mwanamume aliyevaa buibui. Mjomba wangu, mtu wa Lamu, hajasoma hata ukurasa mmoja, lakini anasema Liyongo ni wetu na hana haki mtu kumgeuza, tena hizi habari za mashujaa wa kike tumeziokota kwa Wazungu. Je, niache? Na kuna sheria inayoweza kunizuia kuchapisha?*

Marahaba, mwanangu. Usiache. Riwaya iliyofika sura ya tisa haitupwi kwa sababu ya mjomba ambaye hajaifungua. Lakini wale rafiki wawili wasikilize, maana wamegusa penyewe. Umebadilisha mtu mmoja ukaacha dunia nzima inayomzunguka iendelee kumtendea kama alivyotendewa yule wa kwanza. Hapo ndipo buibui lilipoingia.

Nianze na mjomba. Anaposema Liyongo asigeuzwe, muulize kwa adabu: Liyongo yupi? Askofu Edward Steere alichapisha kisa hiki mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizozipata Unguja. Utenzi unaoufuata wewe ni wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913. Kabla yao na baada yao wamekuwapo wasimulizi wa Pate, Lamu na Ozi ambao hawakuandika chochote. Kwa wengine adui ni mfalme wa Pate tu, kwa wengine ni Mringwari, ndugu yake Liyongo aliyegombania naye utawala. Kwa wengine muuaji ni mwanawe wa kumzaa, kwa wengine ni mpwa. Hiyo ya mpwa usiipite haraka: mahali ambapo urithi hupita upande wa mama, mpwa ndiye mrithi, na muuaji anapokuwa mpwa kuna dada wa Liyongo amesimama mahali fulani katika kisa, kimya, hajaulizwa neno. Hata karne aliyoishi Liyongo wataalamu hawajakubaliana. Kila msimulizi alichagua, na wewe unachagua.

Hilo la Wazungu nalo halisimami. Mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa mji kabla ya Shehe Mvita. Pate yenyewe ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma, ambaye alipelekwa uhamishoni Omani wakati Waomani walipowang'oa Wareno, mwishoni mwa karne ya 17. Na kama mjomba atasema kwamba Liyongo alikuwa malenga na umalenga ni wa wanaume, mkumbushe Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, na utendi wake wa mwaka 1858. Ukitoka pwani, Ngũgĩ wa Thiong'o alikirudia kisa cha asili ya Wagĩkũyũ katika utenzi wake wa Kigĩkũyũ wa mwaka 2018, akawaweka mbele mabinti wa Mũmbi, mama wa asili wa Wagĩkũyũ. Hakuna aliyemwambia ameokota kitu ugenini.

Lakini mjomba ana haki katika jambo moja, na nitalirudia chini: Liyongo ni kisa cha watu walio hai. Kaburi lake bado linaonyeshwa upande wa Ozi na Kipini.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe.

Visakale vya mashujaa husukumwa na hofu, zaidi ya vinavyosukumwa na nguvu. Liyongo hafanyi mengi kwa hiari yake ukimtazama vizuri: anawindwa, anafungwa, anatoroka, anasalitiwa. Anayefanya ni mfalme, na mfalme anafanya kwa sababu anaogopa. Anaogopa nini? Anaogopa mwanamume wa ukoo wa kutawala, mwenye nguvu zisizo za kawaida, anayependwa na watu, anayeweza kuamka kesho akadai kiti. Hofu hiyo ina sura yake maalumu, na njama zote za mfalme zimekatwa kwa kipimo chake. Ukiweka mwanamke pale, hofu haiondoki, ila inabadilika sura, na njama zote zinapaswa kukatwa upya.

Chukua habari ya ndoa. Katika utenzi, watu wa bara wanamwona Liyongo, wanastaajabu, wanataka mbegu yake; anaozwa kwao, anazaa mtoto wa kiume. Kwa mwanamume huo ni msafara mdogo tu wa kisa. Anakwenda, anazaa, anabaki kuwa yeye. Shujaa wako wa kike hataombwa mbegu. Ataombwa mwenyewe, mzimamzima. Na mfalme mwenye akili hatahitaji mishale wala mkoma, kwa sababu ana silaha ambayo hakuwa nayo dhidi ya Liyongo: anaweza kumwoza mbali. Kumpeleka bara akakae huko, watu wakashangilia kwa vigelegele, na hakuna hata mmoja wa kusema pamefanyika dhuluma. Kama sura yako ya pili haina jaribio hilo, msomaji wa kike atashangaa mfalme huyu ametoka dunia gani.

Na mtoto atakayezaliwa huko ni wa nani? Wa ukoo wa baba, bila shaka. Atalelewa wapi iwapo mama atarudi pwani? Unaona jinsi usaliti wa mwisho unavyoanza kupata mizizi. Katika utenzi kijana anashawishiwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme, na hiyo mimi siku zote nimeiona ni sababu nyembamba ya kumuua baba. Wewe unaweza kupata sababu nene zaidi bila kubuni kitu kipya, kwa kufuata tu matokeo ya badiliko lako.

Njama ya mkoma ndiyo inayokulazimisha uamue juu ya dunia yako. Wanaume wamepanga kupanda mkoma kwa zamu kuchuma makoma, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye anavuta upinde anayaangusha akiwa chini. Swali: mwanamke amefikaje katika kundi hilo la wawindaji? Ama katika Pate yako wanawake huwinda na kubeba silaha, na hapo ujue mfalme hatashangazwa na uke wake hata kidogo, wala wewe huna ruhusa ya kuandika sura nzima ya watu wakishangaa. Ama hawawindi, naye ni wa pekee, na hapo kila anapotoka na upinde pana gharama: nani anamficha, nani anamsema, mama yake anajibu nini msikitini na sokoni. Waandishi wengi wa fantasia wanataka vyote viwili, dunia isiyombagua na sifa ya kuwa wa kwanza kuvunja ubaguzi. Havikai pamoja.

Gereza nalo. Liyongo alitiwa pingu na minyororo, akalindwa na askari. Mwanamke wa ukoo wa utawala hafungwi hivyo ila kwa fedheha kubwa. Anafungwa ndani ya nyumba nzuri, nyuma ya ule ukumbi wa ndani, na mlango wazi. Hapo tupa ndani ya mkate itafanya kazi gani? Labda inahitajika bado, kwa kuwa ukiamua mfalme amekata tamaa ya heshima na kumtia chuma, hilo lenyewe ni tukio kubwa, litikise mji. Lakini labda kinachopaswa kufichwa ndani ya mkate wa pumba, ule ambao walinzi waliudharau wakauacha umfikie mfungwa, ni kitu kingine. Barua? Mhuri? Sikuchagulii.

Gungu ndilo lililonifurahisha nilipolifikiria. Katika utenzi, makelele ya ngoma yanafunika sauti ya tupa ikikata chuma. Ukiwa na mfungwa wa kike, ngoma itakayopigwa inaweza kuwa ya wanawake watupu, walinzi wanabaki nje. Kutoroka kumekuwa rahisi mno! Rahisi kiasi kwamba lazima mfalme awe amelifikiria. Basi ndani ya ngoma hiyo yumo mmoja ambaye ni sikio lake. Nani? Sura iliyokuwa ya sauti na chuma sasa ni sura ya kuangalia nyuso za wanawake wanaocheza na kujiuliza ni ipi imenunuliwa. Ugumu umehama mahali pake, ukapata uhai.

Ila kiini cha kisa chote ni sindano. Ungeniuliza uandike upya sura moja tu, ningekwambia hiyo.

Mtoto anamwuliza mzazi: kitu gani kinaweza kukuua? Na mzazi anajibu: sindano ya shaba, kitovuni. Kinachostahili kutazamwa ni kwamba Liyongo si mjinga. Katika utenzi anatambua kwamba kijana ametumwa, hata anamwonya kwamba wanamdanganya na hawatampa walichomwahidi. Kisha anamwambia siri. Kwa nini? Kijumwa hafafanui, na msomaji anajazia mwenyewe: uchovu, kiburi, kukubali majaliwa, mapenzi ya baba. Shujaa wako akisema maneno yale yale, majibu hayo hayatoshi. Kitovu kwa mama ni mahali mtoto alipounganishwa naye. Yule kijana alikwisha kuwa na kamba katika kitovu chake iliyotoka mwilini mwa mama huyu. Na sindano ni chombo cha nyumbani, kinakaa kwenye kikapu cha kushonea kofia na kanzu. Pengine ni yeye aliyemfundisha mtoto kuishika. Mama anaweza kusema siri ile ili kumjaribu mtoto, au kumwokoa kwa sababu mfalme ameapa kumuua yule kijana asiporudi na jibu, au kwa sababu alimwacha bara akiwa mchanga na anaona ana deni. Kila jibu linazaa riwaya tofauti. Chagua moja, kisha rudi sura ya kwanza upande mbegu yake. Usilichague ukiwa umefika ukurasa wa 300.

Hili nalisisitiza kwa sababu msomaji wa Kiswahili anaujua mwisho. Amesimuliwa nyumbani au amekutana na Liyongo shuleni kwenye somo la fasihi simulizi. Hutamshtua kwa sindano. Tangu ukurasa wa kwanza anaisubiri, na kila mtu anayemkaribia shujaa akiwa amelala anamtilia shaka. Katika kusimulia upya, taharuki haitoki kwenye nini kitatokea, inatoka kwenye nani atalishika lile jambo na kwa nini. Mpe msomaji wako watu watatu wanaoweza kuishika sindano. Mpotezee njia hapo, siyo kwa kubadilisha sindano kuwa jambia.

Pia usisahau kisima. Liyongo anakufa amepiga goti karibu na kisima, mshale umo kwenye upinde, na watu kwa siku kadhaa wanaogopa kusogea kuteka maji wakidhani yu hai. Mama yake ndiye anayeletwa kumwomba. Wanaoteka maji ni akina nani? Wanawake. Maiti ya shujaa wako inawafungia maji wanawake wenzake, ambao huenda wengine walimpenda. Ukipita hapo kwa haraka utakuwa umeacha dhahabu chini.

Umeniuliza kama uache. Naona nikupe na njia nyingine kabla hujaamua kubaki na hii. Kisa tayari kina wanawake wanaobeba uzito. Yupo Saada, kijakazi aliyekuwa akipeleka chakula gerezani. Liyongo anamtuma kwa mama yake kwa wimbo wa mafumbo, mbele ya walinzi, na bila yeye hakuna tupa. Yupo mama mwenyewe, aliyefumbua fumbo, akaoka, akaja mwishoni kisimani. Yupo mke wa bara, ambaye hata jina hajapewa. Na kama ukifuata wasimulizi wa mpwa, yupo dada. Huna haja ya kumgeuza Liyongo ili upate shujaa wa kike.

Kwa maoni yangu Saada ndiye mwenye riwaya kubwa zaidi ndani yake. Anaingia na kutoka gerezani, anaonekana na kila mtu na hakuna anayemwangalia. Lakini nikuambie na ubaya wake: baada ya Liyongo kutoroka kisa kinamwacha Saada njiani, hakisemi lilimpata nini. Mfalme hakuuliza mkate ulipitia mikononi mwa nani? Kuanzia hapo huna ramani, unatunga peke yako. Tena Saada ni mtumwa, na huwezi kuandika ushujaa wake bila kuandika utumwa wa pwani kwa ukweli, pamoja na kwamba mtu anayemtumikia, hata awe mwema vipi, ni wa nyumba inayommiliki. Ukitaka riwaya ya kusisimua kwa vijana wadogo, Saada atakuelemea. Mama ni rahisi zaidi kumshika, na shujaa mzee ni adimu katika fantasia, ila wachapishaji huogopa shujaa mwenye mvi. Njia uliyoanza nayo ina faida yake: inavuta macho mara moja, na mtu akisikia "Liyongo mwanamke" anataka kujua. Bei yake ni kazi ya kukokotoa upya kila tukio kama tulivyofanya hapo juu. Mimi ningekuruhusu uendelee nayo mradi uilipe bei hiyo.

Mambo mawili madogo. Shujaa wako asiwe mwanamke pekee mwenye akili mjini. Ukiona wanawake wengine wote ni wasengenyaji au waoga, umemwandikia kiti cha enzi kwa kuwavunja wengine miguu. Na ajabu zisizidi. Utenzi una nguvu za ajabu na sindano moja, ndiyo maana sindano inauma. Ukiongeza majini, pete na farasi wa kuruka, msomaji atajiuliza kwa nini mojawapo halikumwokoa.

Kuhusu sheria. Kisa chenyewe hakina mwandishi wa kukushtaki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, maandishi hulindwa kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Kijumwa alifariki 1945, kwa hiyo beti zake ziko huru zamani. Ila matoleo ya kisasa yenye maelezo, tafsiri na utangulizi ni mali ya walioyaandaa. Usinakili ufafanuzi wa mtu ukauita wako. Kisha kuna Sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo inazitambua jamii kuwa na haki juu ya visa na nyimbo zao, hasa kazi inapotungwa kwa ajili ya kuuzwa. Inagusa vipi riwaya kama yako, inayobuni juu ya kisa kinachojulikana pwani nzima? Hilo usilichukue kwangu wala kwa mtu yeyote wa mbali. Kabla hujatia saini mkataba, kaa na wakili wa masuala ya hakimiliki ukiwa na muswada mkononi, au uanzie Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Na hapa ndipo haki ya mjomba inaporudi. Yapo ambayo barua haiwezi kukusaidia. Ukitia beti za Kiamu au Kipate, lazima mzungumzaji wa lahaja hiyo azisikie kwa masikio yake, si kuzisoma kwenye simu, kwa sababu mizani na vina husikika. Watu wa bara katika kisa, ambao utenzi unawaita Wagala, leo hujiita Waorma, na jina lile la zamani kwao ni tusi. Usilitumie katika usimulizi wako, na mtafute Muorma mmoja asome sura za ndoa kabla ya mchapishaji, maana nusu ya damu ya mtoto wako ni yake. Nenda Lamu, nenda Kipini. Kaa na wazee, na zaidi kaa na bibi zao, maana wao husimulia sehemu ya mkate na kisima kwa namna ambayo wanaume huipita.

Lakini wa kwanza awe mjomba. Usimpelekee muswada. Mwombe akusimulie kisa cha Liyongo mwanzo hadi mwisho, kama alivyokisikia yeye, na umwombe ruhusa ya kumrekodi. Usimkatize, hata akikosea kwa jinsi ujuavyo wewe. Andika kila anapotofautiana na Kijumwa, na umuulize alikitoa kwa nani. Kisha rudi kwenye sura ya sindano, uiandike upya peke yake, uwape wale rafiki wawili bila kuwaeleza chochote. Wakiendelea kuona buibui, niandikie tena na uniambie shujaa wako anamwambia nini mtoto wake kabla ya kulala.